Siku Wataliano Walipompigia Kura Mfalme Wao

Mwezi wa sita kwetu Mbozi ni mwezi wa baridi. Asubuhi ile ya Ijumaa, mwaka wa arobaini na sita, upepo ulikuwa unatoka upande wa Tunduma na kuinua vumbi la barabara mpaka ndani ya masufuria ya chai. Mateka walikuwa wamejifunika mablanketi, wamesimama foleni, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Mmoja alikuwa anaimba. Mwingine alikuwa ametandaza tambi zake kwenye waya wa kuanikia nguo, akizilinda kuku wasizidonoe. Kama ungepita njia usingejua kuwa hao walikuwa wafungwa wa vita. Ungedhani ni mafundi wa barabara tu.

Na kweli walikuwa mafundi. Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kabla ya kufika Tunduma, na kazi ilikuwa kuvunja mawe kilimani na kujenga daraja juu ya mto mdogo unaojaa kila masika. Wataliano sitini na wawili, askari wanane, na Luteni mmoja Mwingereza. Mimi nilikuwa koplo. Vita vilikuwa vimekwisha karibu mwaka mzima, lakini meli za kuwarudisha hawa watu kwao zilikuwa hazijapatikana, na sisi tuliowalinda tulikuwa tunangoja kama wao.

Jina langu ni Lamek Mgala, Mnyiha wa Ihanda. Niliingia jeshini nikitoka mgodini Saza, ambako nilikuwa nasukuma matoroli ya mawe ya dhahabu. Tuliandikishwa siku moja mimi na Yonasi Simwinga, Mnamwanga wa Tunduma, mtu mrefu mwenye meno yaliyoachana mbele, asiyeweza kukaa kimya hata kanisani. Mdogo wangu Zakaria aliandikishwa pamoja nasi. Yeye alibaki Uhabeshi. Siku ya tatu ya mapigano kwenye mto mmoja, risasi ilimpata shingoni wakati anajaza chupa ya maji. Yonasi ndiye aliyechimba kaburi lake pamoja nami. Tulichimba kwa sahani za kulia chakula, kwa sababu mabeleshi yalikuwa nyuma kwenye malori. Tangu siku hiyo sikuwa na rafiki mwingine, nilikuwa na ndugu.

Kwa hiyo nilipopangiwa kuwalinda Wataliano, miezi ya kwanza sikuitika salamu zao. Aliyenifanya niitike alikuwa Renato, mwashi mkuu wa daraja. Alikuwa na mikono mipana, na Kiswahili alikiokota kwetu, kikiwa hakina adabu wala mpangilio. Siku moja aliniuliza kwa nini sisemi. Nikamwambia mdogo wangu aliuawa. Akauliza wapi. Nikautaja ule mto.

Akasema, "Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili."

Hatukuzungumza habari hiyo tena. Lakini kesho yake aliponisalimu, niliitika.

Ijumaa hiyo Luteni alitoka kwenye hema lake akiwa hajamaliza kunyoa ndevu. Alikuwa na redio ya betri, na kila asubuhi alisikiliza habari. Aliamuru wote wakusanyike. Alisimama juu ya sanduku, akasema kwa Kiingereza, na mateka mmoja aliyejua lugha hiyo akatafsiri. Alisema kwamba watu wa Italia wameulizwa kama wanamtaka mfalme, na walio wengi wamesema hawamtaki. Mfalme ameondoka. Nchi sasa ni jamhuri.

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti, akarusha kofia yake juu. Sajini Oreste, mzee wao, alitoka kwenye mstari, akamwendea yule mtu, akampiga kofi.

Oreste alikuwa ndiye aliyetunza picha ya mfalme. Ilikuwa imetundikwa kwenye banda la kulia, katika fremu aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, na kila asubuhi kabla ya chai aliipigia saluti. Nilijua kuwa yule wa kwenye picha alikuwa mfalme mzee, na kuwa mwezi uliopita alikuwa amemwachia mwanawe kiti. Mwana naye alikuwa amekaa mwezi mmoja tu.

Siku ile kazini, pale kwenye mawe, nilimuuliza Renato.

"Jamhuri ni kitu gani?"

"Nchi bila mfalme. Watu naulizwa, unataka, hutaki. Wote naandika kwenye karatasi. Wengi nasema hatutaki."

Yonasi alikuwa ameegemea bunduki yake karibu nasi. "Na mfalme mwenyewe? Alikubali?"

"Napanda ndege. Nakwenda."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Yonasi alinitazama. Kisha akanisemesha kwa lugha yetu, kwa maana Kinyiha na Kinamwanga vinasikilizana. "Lamek, sisi siku ile ya kuapa tuliapa kwa nani?"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nauliza tu."

"Usiulize hapa."

Alicheka, lakini nilimwona anafikiri. Mchana mzima hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Kambi nayo ilikuwa imebadilika. Watu waliokula pamoja kwa miaka mitano walihamisha sahani zao. Waliotoka kusini mwa nchi yao wengi walimtaka mfalme, waliotoka kaskazini wengi walitaka jamhuri, na upande mmoja wa banda ukawa wa hawa, upande wa pili wa wale. Hakuna aliyeomba chumvi kutoka meza ya pili.

Jumamosi asubuhi picha ilikutwa imetobolewa macho.

Sikuona mwanzo wa ugomvi. Nilisikia chuma kikigongana na chuma, nikakimbia. Walikuwa wanapigana kwa makoleo na mipini ya sululu mbele ya jiko. Hazikuwa ngumi za mateka waliochoshwa na kufungwa. Walikuwa wanalenga kichwa. Luteni alipiga risasi mbili hewani ndipo wakaachana. Wawili walikuwa chini, mmoja mkono umevunjika, mwingine damu inamtoka sikioni.

Luteni alikuwa kijana, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku zote. Aliamua kuwapeleka majeruhi Mbeya kwa lori na kuomba askari zaidi. Alichukua askari mmoja. Kabla ya kuondoka aliniita.

"Koplo, kambi ni yako mpaka nirudi. Hakuna kazi. Hakuna mtu kutoka. Ghala la baruti, askari wawili, saa zote. Wawili. Umesikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Ghala hilo lilikuwa nyumba ndogo ya mawe iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, hatua kama mia mbili kutoka kwenye mahema, bati juu, mlango wa mbao nene wenye kufuli. Ndani mlikuwa na baruti ya kuvunjia miamba, masanduku kumi na kitu. Kama ingelipuka yote, isingebaki kambi wala daraja.

Alasiri ile walinijia watu wawili ambao sikutegemea kuwaona pamoja. Oreste na Renato. Oreste alikuwa amevaa koti lake la sajini lenye vifungo vyote.

"Koplo," Renato akasema, "sisi hapa hakuna mtu napiga kura. Nyumbani nauliza wote, sisi hapana. Sisi sitini, nataka kura yetu. Ndogo. Hapa. Kwa maharage."

"Kura ya nini? Mfalme ameshaondoka."

Oreste alizungumza polepole, kwa Kitaliano. Mimi nilikuwa nimekaa Mogadishu mwaka mzima nikilinda maghala, kwa hiyo nilimwelewa. Alisema kuwa yeye ni mtu mzima, kuwa hawezi kuambiwa na redio ya Mwingereza kwamba mfalme wake hatakiwi. Lakini watu hawa sitini anawajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Kama wengi wao wataikubali jamhuri, ataiteremsha picha kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna atakayeinua koleo tena.

"Na ukishinda wewe?" nikamuuliza.

"Picha inabaki. Na huyu," akamwonyesha Renato, "atatengeneza kioo kipya."

Renato akaitikia kwa kichwa.

Nilikwenda kutaka ushauri wa Yonasi. Alikuwa zamu ghalani, amekaa juu ya jiwe anapasha mikono joto kwa moto wa vijiti.

"Waache," akasema. "Wanataka kupigana kwa maharage. Ni heri kuliko masululu."

"Luteni hakuniachia ruhusa ya namna hiyo."

"Luteni hakukuachia ruhusa ya kuwazuia pia. Wewe usiku utalala, na watu wenye makoleo watalala upande wa pili wa turubai?"

Nilikubali. Nimeyapima maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa nataka amani kambini, hilo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nataka kuona. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakiulizwa kama wanamtaka mtawala wao. Nilitaka kuona jambo hilo linavyofanyika.

Jumapili baada ya sala wakaanza. Harage jekundu kwa mfalme, harage jeupe kwa jamhuri. Debe la mafuta lililofunikwa kwa kitambaa chenye tundu liliwekwa juu ya meza katika banda la kulia. Kila mtu alipewa maharage mawili, moja la kila rangi. Alitumbukiza alilotaka, akarudisha la pili kwenye gunia akiwa amefumba ngumi. Walinitaka mimi nisimame kando ya debe, kwa sababu hakuna upande uliouamini upande wa pili. Kwa hiyo mlinzi wa kura yao akawa mimi, mtu ambaye babu yake aliwekewa jumbe na Mdachi, yaani Mjerumani, na baba yake akawekewa jumbe na Mwingereza.

Nilikuwa na askari saba pamoja na mimi mwenyewe. Mmoja alikuwa amelala na homa. Wawili niliwaweka kwenye lango. Ghalani walikuwa Yonasi na askari mmoja wa Ileje aliyeitwa Kibona. Akabaki mmoja tu wa kunisaidia bandani, na nilihitaji wawili, mmoja wa kuwapekua watu visu wakati wa kuingia, mwingine wa kukaa katikati ya meza za pande mbili. Nilikwenda ghalani.

Yonasi alielewa kabla sijasema. "Mchukue Kibona. Mlango una kufuli, mimi nina bunduki. Nani atakuja huku wakati wote wana maharage mkononi?"

Niliitazama kufuli. Nilimtazama yeye.

"Ni saa moja tu," nikasema.

"Nenda, Lamek. Kisha uje uniambie nani kashinda."

Nikamchukua Kibona.

Watu walipita kimya. Wengine walifanya ishara ya msalaba kabla ya kutumbukiza. Mzee mmoja alisimama mbele ya debe muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Oreste alipita wa mwisho kwa upande wake. Alitumbukiza harage jekundu wazi, wote wakaliona.

Renato na Oreste wakakaa kuhesabu. Waliyapanga maharage mezani mistari miwili, na watu wakasogea. Niliwaambia warudi nyuma. Mstari mweupe ulizidi kurefuka. Renato hakutabasamu hata mara moja. Nadhani alikuwa anamwonea Oreste huruma.

"Nyeupe thelathini na mbili," akasema. "Nyekundu ishirini na tano."

Kisha akakunja uso. Akahesabu tena kwa kidole.

"Hamsini na saba. Koplo, sisi ni sitini."

Niliinua macho nikawatazama watu. Ukiwalinda watu kwa muda mrefu unajua nani anakosekana kabla hujakumbuka jina lake. Kinyozi hakuwapo. Salvatore, mtu mpole aliyetunyoa hata sisi askari na asiyetaka chochote, aliyeweka vitabu viwili vya sala vya kaka zake waliokufa jangwani chini ya mto wake. Sikuwa nimemwona tangu sala.

Risasi ikalia kilimani.

Nilikimbia. Nilimwambia Kibona abaki na watu, awalaze chini wote. Nilikimbia peke yangu, na njiani nilisikia Renato ananifuata, na nyuma yake buti nzito za Oreste. Sikuwazuia.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Kufuli ilikuwa imevunjwa kwa sululu.

Nje, damu juu ya jiwe. Vijiti vya moto vimetawanyika.

Nililala nyuma ya lundo la kokoto, hatua thelathini hivi.

"Yonasi!"

"Nipo!" Sauti yake ilitoka ndani. "Usije. Wako watatu. Wana bunduki yangu, wana utambi."

"Umeumia?"

"Kichwa. Kidogo."

Salvatore akatokea mlangoni. Alikuwa amemshika Yonasi mbele yake kwa ukosi, mikono ya Yonasi imefungwa nyuma kwa mkanda. Nyuma yake niliona vivuli viwili. Salvatore alipaza sauti. Alisema maharage yamwagwe. Alisema bendera yenye taji ipandishwe mlingotini na Luteni aandikie wakubwa wake kwamba kambi hii ni ya mfalme. La sivyo ataliwasha ghala. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa ile ile ya kumwambia mtu ainue kidevu.

Oreste alisimama. Nilimwambia alale chini, hakunisikia. Alitembea mpaka katikati ya kiwanja, akafungua mikono yake.

"Salvatore. Mimi nimeona maharage. Nimeyahesabu kwa mkono huu. Tumeshindwa."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kiapo."

"Ni kweli."

"Kila asubuhi. Miaka mitano."

"Ni kweli, mwanangu. Sasa nakuambia toka."

Wale wawili wa nyuma walitoka. Walipita ubavuni mwa Salvatore, mikono juu, mmoja analia. Salvatore hakuwazuia. Aliwatazama wakipita kama mtu anayewatazama wageni.

Kisha akamrudisha Yonasi ndani, naye akaingia.

Nilisikia kiberiti.

Moshi mwembamba ukatoka juu ya mlango.

Yonasi alipiga kelele kwa Kinamwanga. "Amewasha! Ni fungu moja, liko karibu na mlango!"

Salvatore akatokeza tena, bunduki begani, akamlenga Oreste. Oreste hakusogea.

Nilimpiga Salvatore risasi moja. Alianguka kizingitini. Alikuwa amenyoa ndevu zangu siku ya Alhamisi.

Kilichofuata kilikuwa cha muda mfupi kuliko ninavyoweza kukieleza. Nilikuwa nimeshainuka nakimbia. Yonasi alitokea mlangoni, mikono ingali nyuma, anasukuma kitu kwa mguu, kama mtu anayesukuma mpira kwenye nyasi ndefu. Lilikuwa fungu la baruti lenye utambi unaotoa cheche. Alilisukuma likapita juu ya miguu ya Salvatore. Likakwama kwenye kokoto. Angeweza kukimbia. Alirudi nyuma hatua moja, akalipiga teke kwa nguvu zake zote, likaporomoka mtelemkoni upande wa mawe.

Alikuwa bado amesimama lilipolipuka.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kifudifudi na masikio yangu yanalia. Ghala lilikuwa limesimama. Masanduku yote yalikuwa ndani. Renato alikuwa ameshafika kwa Yonasi, amepiga magoti, amevua shati anambana nalo tumboni. Jiwe lililopasuka lilikuwa limempata chini ya mbavu.

Tulimbeba mimi na Renato mpaka kivulini kwa jiko. Lori lilikuwa Mbeya. Nilimtuma askari mmoja akimbie misheni kutafuta dawa, ingawa nilijua ni umbali gani. Uhabeshi nilikuwa nimeyaona majeraha ya tumbo.

Yonasi alijua pia. Aliomba maji, nikamlowesha midomo.

"Nani kashinda?" akauliza.

"Jamhuri."

Alifumba macho. Nilidhani amekwenda. Kisha akasema, "Mama asiambiwe na mtu mwingine. Uende wewe."

"Nitakwenda."

Alikufa kabla ya saa kumi.

Luteni alirudi jioni ile ile na malori mawili ya askari. Nilimweleza yote, hata habari za Kibona. Alisikiliza, akakaa kwenye kitanda chake cha turubai. Kisha akasema, "Katika ripoti, ghalani walikuwapo askari wawili, kama nilivyoamuru. Mmoja alipigwa akaanguka, mmoja akachukuliwa. Hiyo ni kwa faida yako, Koplo." Nilijua ni kwa faida yake pia, kwa maana ndiye aliyetuacha. Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Nilipiga saluti. Kibona alipewa karatasi akaweka kidole gumba.

Kesho yake, kabla ya chai, Oreste aliiteremsha picha. Aliifunga kwenye blanketi, akaiweka sandukuni. Hakuna aliyeshangilia, hata wale thelathini na wawili. Salvatore walimzika wao wenyewe nyuma ya kilima, na nilisimama kando na bunduki yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa amri.

Yonasi tulimpeleka Tunduma kwa lori. Nilitembea mbele kutoka barabarani mpaka kwao, ili mama yake anione mimi kwanza. Aliitwa Nanyinza, kwa ukoo wa baba yake. Alikuwa anatwanga ulezi. Aliponiona peke yangu, na kofia mkononi, aliuweka mchi chini taratibu, akaulaza ili usianguke. Nilisema maneno niliyoyapanga. Jamaa zao walivuka mpaka kutoka upande wa Rodesia usiku kucha, wakaja na ngoma na nyimbo za kanisani, na tukamzika siku ya pili. Wakati wote huo mama yake hakuniuliza neno.

Renato aliomba ruhusa akachonga jiwe la kaburi. Alilichonga wiki mbili, baada ya kazi. Herufi zake ni nzuri sana, ila jina aliliandika kwa lugha yake: IONAS SIMUINGA. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia alirudie. Mwisho wa mwaka ule waliondoka wote kwa malori kwenda kupanda meli. Alinipa mkono.

Nami nikaachishwa jeshi baada ya miezi kadhaa, nikarudi Ihanda kwenye kahawa ya baba. Nilichelewa kwenda Tunduma. Nilijiambia ni mavuno, nikajiambia ni mvua. Mwishowe nilikwenda, nikamkuta Nanyinza ameketi uani anapepeta ulezi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta.

"Waliniletea barua ya serikali," akasema. "Mchungaji akanisomea. Inasema mwanangu alikuwa na mwenzake pale mlangoni."

Aliugeuza ungo, akapuliza makapi.

"Nimemngoja huyo mwenzake. Nikasema, mtu aliyesimama na mwanangu siku ya mwisho atakuja kunisalimu, japo mara moja. Hajaja. Ni mgonjwa? Ni mtu wa wapi?"

Nilikuwa nimesema "Ndiyo, Bwana" kwa Luteni, na nimesema hivyo mara ya pili kwa wakubwa waliokuja kuuliza. Mbele ya yule mama maneno hayo hayakupanda.

"Hakuwapo mtu, mama," nikamwambia. "Alikuwa peke yake. Wa pili nilimwondoa mimi."

Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Ulimpeleka wapi?"

"Kwenye kura ya Wataliano. Walikuwa wanachagua kama wanamtaka mfalme wao. Niliogopa watapigana. Na nilitaka kuona."

"Yeye Yonasi alijua?"

"Alijua. Aliniambia nimchukue."

Kuku waliingia chini ya ungo wakadonoa punje zilizomwagika, naye hakuwafukuza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo umekuja kwa miguu kutoka Ihanda kuniambia hilo."

"Ndiyo, mama."

"Na walioandika barua wana gari."

Akaanza kupepeta tena. Baadaye aliingia ndani akanitolea chakula, akakaa mbali kidogo mpaka nikamaliza. Nilipoaga alinisindikiza mpaka njia panda, kama inavyopasa, na akarudi.

Nilikwenda kwake kila mwaka baada ya hapo, wakati wa kulima. Nilimlimia shamba la ulezi siku tatu, nne, kisha nikarudi kwangu. Nilifanya hivyo misimu kumi na mmoja, hadi alipofariki. Alinipikia, alinisimulia utoto wa Yonasi, alicheka wakati mwingine. Hakuniambia hata siku moja kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Siku ya mwisho nilipomwona alikuwa hawezi kuinuka. Alitaka kujua kama nimemaliza kipande cha karibu na mto. Nikamwambia nimemaliza.